Kabla ya kusema ni muziki ya shetani: historia ya Gojira kwa mwenye hajawahi kusikiliza



Tangu tarehe 26 Julai 2024, nikitaja jina Gojira mbele ya watu wa kwetu, jibu ni karibu lile lile: "Ah, wale wa shetani, wenye walipiga ku madirisha kule Paris." Wengi wetu tulikutana na hilo kundi siku hiyo moja, mu ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki, dakika chache tu, na watu wakafunga mlango pale pale. Mimi nawasikiliza tangu niko G2 ya agronomi. Naona kuanza na ile siku ni kufungua kitabu ku ukurasa wa mwisho. Leo naandikia mtu mwenye hajawahi kusikiliza hata wimbo mmoja wa metali, namwonyesha mlango mwingine.

Tuimalize kwanza ile siku ya Paris, juu njo kila mtu anaikumbuka. Lile jengo linaitwa Conciergerie. Liko kando ya mto Seine. Zamani lilikuwa jumba la wafalme, kisha likawa gereza. Malkia Marie-Antoinette alifungwa mule mwaka 1793, na tarehe 16 Oktoba wakamtoa kwenda kumkata kichwa. Yule mwanamke wa nguo nyekundu mwenye alishika kichwa chake mikononi njo yeye. Wimbo ulikuwa "Ah! Ça ira", wimbo wa mapinduzi, wenye watu wa Paris walianza kuimba mwaka 1790. Na yule mama wa sauti ya opera ni Marina Viotti. Kwa hiyo hakuna shetani pale. Kuna somo la historia la sekondari, lenye mtu amefungulia sauti mpaka mwisho. Unaweza kusema si vizuri kuchezea kifo cha mtu mu sherehe, na hayo ni mabishano ya kweli. Hata mimi ile picha ya kichwa sikuipenda sana. Lakini kusema "sikuipenda" na kusema "ni ibada ya mapepo" ni vitu viwili, na msomi anapaswa kuvitenganisha.

Ilikuwa mara ya kwanza kundi la metali kupiga mu ufunguzi wa Olimpiki. Februari 2025 wimbo ule ukapata tuzo la Grammy. Wakati ule kundi lilikuwa na miaka 28 mu kazi. Hiyo miaka 28 njo nataka kueleza.

Walianza mwaka 1996 ku Ondres. Usitafute Ondres mu kitabu cha jiografia: ni mji mdogo sana kusini-magharibi ya Ufaransa, mu jimbo la Landes, karibu na Bayonne, kati ya msitu na bahari ya Atlantiki. Walikuwa ndugu wawili, Joe na Mario Duplantier. Baba yao ni Mfaransa, mchoraji; mama yao alikuwa Mmarekani. Joe anaimba na kupiga gitare, Mario anapiga ngoma. Mwaka ule Joe alikuwa hajafika miaka 20 na Mario ni mtoto wa miaka 15 hivi. (Mario huyu, si ule wa Franco. Yeye alifanya kazi.) Pamoja nao alikuwa Christian Andreu ku gitare ya pili, na mwaka 1998 Jean-Michel Labadie akaingia ku gitare ya besi. Tangu hapo ni wale wale wanne. Kwa sisi wenye tumezoea kuona orkesta ya Kinshasa ikipasuka mara mbili kabla ya albamu ya tatu, hiyo peke yake ni kitu cha kushangaza.

Sasa mniruhusu nisimame kidogo ku ile Landes, juu kama mtu wa udongo siwezi kupita pale bila kuangalia chini. Ukifika leo unaona misonobari mpaka mwisho wa macho, karibu hekta milioni moja. Mgeni anasema: oh, msitu mzuri wa asili! Si wa asili hata kidogo. Karne mbili nyuma sehemu kubwa ya pale ilikuwa nyika ya maji maji, na wachungaji walitembea wamesimama juu ya miti mirefu iliyofungwa ku miguu, ili waone kondoo zao mbali na wasizame mu matope. Mwaka 1857, wakati wa Napoleon III, Leta ikatoa sheria: vijiji vikaushe ile nyika na kupanda miti. Misonobari ikaingia, utomvu na mbao zikaleta pesa, na malisho yenye yalikuwa ya watu wote yakauzwa. Wachungaji wakaisha. Na ile bahari kando yake pia iko na historia yake. Wabaski wa pwani ile, watu wa Biarritz na Bayonne, waliwinda nyangumi (baleine) kwa karne nyingi, tangu zama za kati, mpaka nyangumi wakakosekana kabisa mu ghuba yao. Mpaka leo alama ya mji wa Biarritz iko na nyangumi na mtumbwi wa wawindaji. Kisha Novemba 2002 meli ya mafuta Prestige ikavunjika mbele ya pwani ya Hispania, na mafuta meusi yakafika mpaka ku fukwe za Landes.

Sisemi kwamba wale vijana walikaa wakasoma sheria ya 1857 kisha wakaandika nyimbo. Hawakusema hivyo, ni mimi nasema. Lakini mtu akikua kati ya msitu wenye ulipandwa juu ya maisha ya watu wengine, na bahari yenye nyangumi waliisha mule, halafu anaimba kwa sauti ya mtu mwenye anazikwa, mimi sishangai.

Turudi ku muziki. Mwanzo kundi liliitwa Godzilla, jina la yule mnyama mkubwa wa sinema za Japani. Jina lile liko na wenyewe, mambo ya sheria yakaingia, na mwaka 2001 wakachukua Gojira, maana Wajapani wenyewe wanatamka hivyo. Mwaka ule ule wakatoa albamu ya kwanza, Terra Incognita, kwa pesa yao wenyewe. Mwaka 2003 ikafuata The Link. Mgeni, hizo mbili ziache kwanza. Ni nzuri, lakini ni za mtu mwenye amekwisha kupenda.

Kitu kimoja watu hawajui juu ya miaka ile. Tarehe 1 Januari 1996, mwaka ule ule wa kuanza kwao, sheria mpya iliingia mu redio za Ufaransa: nyimbo 40 kwa mia ziwe za Kifaransa. Na wao wakachagua kuimba Kiingereza! Tena muziki mzito, tena kutoka kijiji chenye Paris haikijui. Fikiri wewe unaanza orkesta ku Kindu, hauimbi Kilingala, hauimbi mapendo, na unangojea redio ya Kinshasa ikupigie. Hata mtu mmoja hakuwafungulia mlango. Walipiga mu vyumba vidogo, wakauza kanda zao mkono kwa mkono. Kama kuna mtu hapa mwenye anatafuta kazi na diploma yake tangu miaka tatu, ataelewa ile miaka bila mimi kueleza sana.

Halafu ikafika mwaka 2005, na albamu From Mars to Sirius. Hapa njo mlango. Hapa njo nataka uingilie.

Ni hadithi moja kwa nyimbo 12, zaidi ya saa moja. Dunia inakufa, mtu anaondoka kutafuta namna ya kuiponyesha, anatoka ku Mars, sayari ya vita, kwenda ku Sirius, nyota ya amani. Na mu safari kuna nyangumi wenye wanaruka angani. Wimbo wa kwanza unaitwa "Ocean Planet", wa mwisho "Global Warming". Mwaka 2005, muwe na akili ya tarehe: mkutano wa Paris juu ya hali ya hewa ni wa 2015, na mu metali wakati ule watu wengi waliimba juu ya damu, makaburi na vita. Vijana wanne wa kijiji wakaleta joto la dunia na baleine, na hakuna mtu alicheka, juu muziki wenyewe haukuruhusu kucheka.

Chukua "Flying Whales". Wimbo uko na karibu dakika nane. Unaanza na sauti za nyangumi na gitare laini, polepole, kwa dakika mbili hivi. Unafikiri umedanganywa, uliambiwa ni kelele. Kisha ngoma na gitare zinaingia pamoja kwa uzito wenye utasikia mu kifua kabla ya sikio. Sikiliza miguu ya Mario. Anapiga ngoma ya chini kwa miguu miwili, na kila mgongo wa mguu unaanguka pamoja na gitare, sawa mtu mmoja mwenye mikono minane. Siri ya Gojira njo hiyo: si mwendo wa mbio, ni kushikamana. Makundi mengi ya metali yanakimbia kuwapita. Machache njo yanajua kuwa mazito bila kukimbia.

Watu wanauliza: "progresive" maana yake nini? Mu maneno ya nyumbani: ni muziki wenye haukubali ile kawaida ya ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, dakika tatu, kwisha. Wimbo unatembea, unabadilika, unahesabu namna nyingine. Badala ya kuhesabu mpaka nne unaweza kuhesabu mpaka tano ama saba, na mguu wako unapotea. Kwa Mwingereza wa kawaida hiyo ni shida. Kwa Mkongomani si shida hata kidogo, na hapa nabishana na kila mtu mwenye anasema metali si ya kwetu. Sisi tumekua na nyimbo za dakika kumi na zaidi. Tumekua na wimbo wenye unaanza polepole, mwimbaji analalamika juu ya mapendo, halafu mlango unafunguka, sebene inaingia na gitare tatu zinazungumza kila moja na maneno yake. Mtu mwenye sikio lake limefundishwa na Zaïko Langa Langa amekwisha kujua kungojea. "Flying Whales" ni kungojea. Tofauti ni kwamba mlango ukifunguka, kule hauchezi kiuno. Unasimama tu na kichwa kinatikisika chenyewe.

Na ile sauti ya Joe? Wadogo, hiyo njo inakimbiza watu. Ni sauti ya kunguruma. Mimi nasikia mule kitu cha karibu na mama mwenye anapokea habari ya kifo ku mlango wa nyumba: pale hakuna mtu anauliza kama anaimba vizuri. Metali ya aina hii ilitoka mu ile metali ya kifo ya miaka ya 1980 na 1990, na kunguruma ni chombo, sawa ngoma ni chombo. Baada ya wimbo wa tatu sikio linazoea. Kama halikuzoea, si dhambi, rudi ku rumba yako na tubaki ndugu.

Baada ya 2005 Amerika ikawasikia. Wakasafiri kule, na mwaka 2009 walikuwa wanafungulia Metallica mu viwanja vikubwa. Mwaka 2008 walitoa The Way of All Flesh, albamu juu ya kifo, yenye wimbo "Toxic Garbage Island" juu ya ule uchafu wa plastiki wenye unazunguka mu bahari ya Pasifiki. Mwaka 2012 L'Enfant Sauvage. Nitapita haraka hapa: ni kazi nzuri, lakini hakuna kitu kipya sana cha kuelezea mgeni. Kati ya hizo mbili kuna jambo moja la kuhuzunisha kidogo. Waliandaa nyimbo kwa ajili ya Sea Shepherd, wale wenye wanafuata meli za wawindaji wa nyangumi baharini, na chombo chenye kilihifadhi kazi kikaharibika. Wimbo mmoja, "Of Blood and Salt", ulitoka mwaka 2011. Wenye mliandika TFC yenu mu kompyuta bila kopi ya pili, mnajua.

Sasa tufike ku 2016, albamu Magma. Ndugu wawili walikuwa wamehamia New York, wakajenga studio yao wenyewe ku Queens. Katikati ya kazi mama yao akagonjwa na akakufa. Unategemea nini kutoka kwa watu wa kelele wenye wamefiwa? Kelele zaidi. Wao wakafanya kinyume. Nyimbo zikawa fupi, albamu nzima dakika 44 hivi, na Joe akaanza kuimba kweli kweli, kwa sauti safi, sawa mtu mwenye amechoka kulia. Wimbo "Low Lands" ni wa mama yao. Mashabiki wa zamani wengine walikasirika, wakasema kundi limelainika, limetafuta pesa. Mimi sikubali. Mtu mwenye anapunguza maneno siku ya kifo hajalainika. Albamu ilitajwa mara mbili mu mashindano ya Grammy ya 2017, na wengi waliingia kwa mlango huu. Kama "Flying Whales" imekushinda, jaribu "Silvera" ama "Low Lands" kabla ya kukata tamaa.

Aprili 2021 ikatoka Fortitude, na mule kuna "Amazonia". Hapa njo mabishano yangu na marafiki, na hapa pia ninabishana na mimi mwenyewe.

Wimbo unaonyesha msitu wa Brazil wenye unawaka. Mu muziki wenyewe kuna heshima kwa Sepultura, kundi la Brazil lenye mwaka 1996 lilirekodi albamu Roots pamoja na watu wa kabila la Xavante. Joe mwenyewe alikwisha kupiga besi na ndugu Cavalera, wenye walianzisha Sepultura. Gojira wakakusanya vyombo kutoka kwa wanamuziki wakubwa, wakaviuza kwa mnada, na pesa ikaenda kwa APIB, shirika lenye linaunganisha watu wa asili wa Brazil.

Rafiki mmoja akaniambia: "Ni Wazungu tena, wanalilia msitu wa watu wengine wakiwa wamekaa New York." Sikuweza kumjibu haraka. Mu albamu zote saba hakuna wimbo hata mmoja wenye jina la Kongo, na sisi tuko na msitu wa pili kwa ukubwa wa aina yake duniani, nyuma ya ule wa Amazoni. Kwa hiyo kidonda chake nakielewa. Lakini angalia pesa ilienda wapi. Haikuenda ku ofisi kubwa ya Ulaya ya kulinda miti. Ilienda kwa chama cha wenyeji, wenye msitu ni nyumba yao, wenye wana wanasheria wao na viongozi wao. Mimi nimefundishwa msitu kwa hekta na kwa tani za kaboni. Nimekaa mu mikutano yenye mwanakijiji anatajwa mara moja, mwishoni, sawa tatizo: yeye njo anakata, yeye njo anachoma makala. Ile Landes ya 1857 pia ilipangwa hivyo: wenye kuchora ramani waliona nyika tupu, hawakuona mchungaji juu ya miti yake. Kwa hiyo swali langu juu ya Gojira silo "juu ya nini hawakuimba Kongo". Swali ni nani kati yetu ataimba, na kama akiimba pesa itafika wapi, kwa wizara ama kwa mama wa kijiji mwenye shamba lake linapakana na hifadhi. Mnaweza kunijibu hapa chini, nangojea hasa watu wa mazingira na wa sheria.

Kwa mwenye forfe yake inaruhusu wimbo mmoja tu: "Flying Whales", usiku, na vyombo vya masikio. Mu zile dakika mbili za kwanza hakuna mtu atakusumbua. Ya tatu ikifika na mwenye nyumba akagonga mlango, punguza sauti, lakini usizime.